Gari Nimelilipa, Kadi Simwachii Mtu

Alhamisi, Juni 2013. Al Qusais, Dubai.

Leo vumbi limesimama hewani tangu alfajiri kama halijaamua pa kwenda. Kiyoyozi kinanguruma, nami nimekaa sakafuni na miguu nimeinyoosha, kwa sababu viti vyangu vyote viwili vimeshapata wenyewe. Nimechoka, na hasira ninayo kidogo. Lakini zaidi ya yote nimeridhika, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Leo sina gari.

Na sina deni.

Wiki hizi chache nimeitwa mkaidi na watu wa kila namna, wengine wakinicheka, wengine wakiwa na uchungu wa kweli. Naona heri nieleze jambo lenyewe taratibu, kama nilivyozoea darasani, ili anayetaka kunicheka anicheke akiwa ameelewa.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu wa jiografia, Mtanzania wa Iringa. Nimefundisha shule moja ya binafsi hapa Dubai kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka huu nimefikia umri ambao shule inakushukuru, inakupa keki, kisha haikuongezei mkataba. Mwezi ujao viza yangu ya ukaazi itafutwa, na nitarudi nyumbani moja kwa moja. Sina malalamiko. Kila kazi ina mwisho wake, na keki ilikuwa nzuri.

Kilichokuwa kimebaki ni gari. Ni gari dogo la kijivu la Kijapani, nililolichukua kwa mkopo wa benki wa miaka mitano. Nilikuwa nimelipa miaka miwili na ushee tu. Maana yake ni kwamba mkopo ulikuwa unaendelea, na mimi nilikuwa naondoka.

Hapa ndipo desturi yetu inapoingia.

Sisi Waafrika Mashariki wa huku tuna umoja wetu mdogo. Wengi ni Wakenya na Waganda, Watanzania ni wachache. Mtu anaporudi kwao moja kwa moja, tunakaa kikao tunagawana alivyo navyo. Jokofu linakwenda kwa aliyefika juzi, kitanda kwa aliyeoa, masufuria kwa yeyote atakayewahi kuyashika. Hakuna anayeuza. Ni jambo jema, na mimi mwenyewe nililala miaka minne kwenye godoro la mwenzetu mmoja wa Kisumu.

Gari nalo hugawiwa hivyo hivyo, pamoja na deni lake. Anayeondoka humwachia mrithi funguo, kadi ya benki na namba ya siri. Mrithi huweka pesa kwenye akaunti ya aliyeondoka kila mwezi, benki ikakata rejesho lake, na mambo yakaenda. Benki haiambiwi. Mwajiri naye huombwa alipe kiinua mgongo kwa hundi, mkononi, ili kisipite kwenye akaunti. Mtu anapanda ndege na pesa yake nzima, gari linabaki barabarani, wote wanafurahi.

Tunaita kuachiwa kadi. Utasikia mtu akisema fulani ana bahati, ameachiwa kadi.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili halisimami, maana kwenye kikao sikupewa nafasi ya kumaliza sentensi.

Unapochukua mkopo wa gari hapa, benki inakufanyia mambo mawili ambayo wengi wetu huyasahau siku ile ile, kwa furaha ya funguo. Kwanza, kwenye kadi ya umiliki wa gari linaandikwa neno kwamba gari liko rahani. Wewe unaliendesha, lakini huwezi kuliuza wala kulihamisha mpaka benki iseme. Pili, unatia saini hundi ya dhamana na kuwaachia. Siku ukishindwa kulipa, wanaipeleka hundi ile ikalipwe, na ikikosa pesa, hapa si suala la kudaiwa tu. Ni suala la polisi, na jina lako linaingia kwenye mashine ya uwanja wa ndege.

Sasa fikiria mtu amekwisha kuondoka. Mshahara hauingii. Viza imefutwa. Benki si mjinga. Mshahara ukikatika huuliza, na isipopata jibu hufunga akaunti. Kadi aliyoachiwa mrithi inakuwa kipande cha plastiki. Hata kama ana pesa ya rejesho mkononi, hana pa kuiweka. Na usajili wa gari unapokwisha hawezi kuuhuisha, kwa sababu mwenye jina hana tena kitambulisho cha nchi hii. Basi mmoja yuko Bungoma na kesi asiyoijua, na mwenzake yuko Dubai na gari asiloweza kulitoa kwenye maegesho.

Sikuyaota haya. Yalimpata Baba Naomi, Mkenya wa umoja wetu, mtu mpole aliyekuwa mpishi hotelini. Alimwachia kadi binamu yake. Miaka miwili baadaye alirudi kwa viza ya matembezi, yeye na mkewe, kununua simu za kwenda kuuza. Kwenye dirisha la pasipoti wakamwambia asimame pembeni. Mkewe alitoka nje peke yake na mabegi mawili, na namba pekee aliyokuwa nayo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua. Njia nzima hakulia. Aliniuliza tu kama wanawapa chakula.

Kule kwao waliuza shamba ndipo akatoka.

Wote kwenye umoja wanaikumbuka habari hii. Ukiitaja wanatikisa vichwa na kusema ilikuwa bahati mbaya. Neno hilo tunalitumia kama kifuniko cha sufuria. Unafunika, harufu haitoki, unaendelea kupika.

Mhasibu wa shule aliponiita kuniuliza nilipwe vipi, alikuwa ameshanikadiria. Ni mtu wa Kerala, mwema, ameona walimu wengi wakiondoka. Akanishauri kwa sauti ya chini kwamba hundi ingekuwa bora kwangu. Nikamwambia apeleke pesa benki, kwenye akaunti ile ile yenye mkopo, na aandike wazi kuwa ni malipo ya mwisho. Aliniangalia kama mtu aliyeona mwenzake anavua viatu apite kwenye miba. Akaniuliza tena kwa maandishi.

Nikamjibu kwa maandishi.

Usinidhanie shujaa. Nilipotoka pale nilikaa kwenye gari bila kuliwasha. Pesa ile ndiyo uzee wangu. Mwanangu Elisha anasimamia ujenzi wa nyumba yangu pale Kihesa, na kila bati lililoezekwa nalijua. Niliona kabisa sehemu ya nyumba ile ikienda benki. Lakini nilijua pia kwamba ningepanda ndege na nyumba nzima huku jina langu limebaki limekaa kwenye droo ya mtu, likisubiri hundi ikose pesa. Sikutaka kuishi hivyo. Nina wajukuu, na mmoja ana moyo dhaifu. Huenda siku moja tukapita hapa tukielekea India kwa matibabu. Nataka nipite dirishani nikimwangalia afisa usoni.

Hilo tu ndilo nililokuwa nalipigania. Kuondoka nikiwa mtu anayeweza kurudi.

Kikao kilifanyika Ijumaa chumbani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Opolot, Mganda wa Soroti, mlinzi wa ghala la vipuri. Chapati zilikuwepo, soda zilikuwepo, na hadi naingia mlangoni gari langu lilikuwa limeshagawiwa. Limekwenda kwa Wekesa, msimamizi wa walinzi kwenye mnara mmoja mpya wa Al Jaddaf. Hakuna aliyeniuliza. Walipiga makofi, na Wekesa akasimama akaniinamia kidogo, macho yanang'aa.

Nampenda kijana yule. Hapa leseni ya udereva haipatikani kirahisi. Yeye alifeli mara tano, kila mara akilipa upya, kila mara mtahini akimwambia alisita au aliharakisha. Alipofaulu mara ya sita alinipigia mimi kabla ya mtu mwingine. Kwa hiyo iliniuma kusema kwamba kadi simwachii mtu, nakwenda benki kuuvunja mkopo kabla ya muda wake.

Ilikuwa kama nimesema naenda kuchoma moto zile chapati.

Mzee Opolot hakunikasirikia. Alinihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mwalimu, benki iko na pesa mingi. Yako iko kidogo. Sasa hii kidogo ndio inaenda kusaidia ile mingi?"

Watu wakacheka mpaka soda ikamwagika. Nami nilicheka, kwa sababu lilikuwa neno la kuchekesha. Nikamwambia siendi kuisaidia benki, naenda kuchukua hundi yangu. Nikamtaja Baba Naomi. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema safari hii tutamwekea Wekesa mtu wa kumkumbusha kila mwezi, kana kwamba shida ilikuwa kusahau.

Wekesa hakucheka. Alinisindikiza hadi chini, na pale penye ngazi akasema kile alichokuwa anakitafuna.

"Mwalimu, sema tu huniamini."

"Wewe nakuamini," nikamwambia. "Kadi ndiyo siiamini."

Hakunielewa, au hakutaka. Kwake yeye hivyo viwili ni kitu kimoja. Mtu anayekuamini anakuachia kadi. Nami nakiri kwamba neno langu lilikuwa zuri kuliko lilivyokuwa la kweli. Nilikuwa namwamini Wekesa wa leo, mwenye kazi. Sikumjua Wekesa atakayefukuzwa kazi mwakani, na yeye mwenyewe hamjui.

Nilikwenda benki Jumapili, ambayo hapa ni siku ya kazi.

Sasa nieleze hesabu, maana watu wengi huamini kwamba ukilipa mkopo mapema unaokoa riba yote iliyobaki. Mimi pia niliamini nusu. Chukulia kila rejesho ni kikombe cha chai ya maziwa. Vikombe vyote vinalingana ukubwa, kwa hiyo huoni tofauti. Lakini vikombe vya mwanzo vimejaa maziwa, na maziwa ni riba ya benki. Chai, yaani deni lenyewe, ni kidogo. Kadiri unavyoendelea, maziwa yanapungua na chai inaongezeka. Mimi nilikuwa nimemaliza vikombe vya maziwa. Vilivyobaki vilikuwa karibu chai tupu. Kwa hiyo nilipouliza deni lililobaki ni kiasi gani, nilikuta ni kubwa kuliko nilivyotarajia, na riba niliyookoa ilikuwa ndogo kiasi cha kunifanya nitabasamu bila furaha.

Juu ya hapo ipo ada ya kulipa mapema, asilimia moja ya deni lililobaki. Unaadhibiwa kwa kuwa mwaminifu kabla ya wakati. Na juu ya ada, kuna malipo ya kuandika barua ya kuthibitisha kwamba umelipa. Nilimwomba kijana wa benki anionyeshe kifungu cha kila pesa kwenye mkataba. Akakitafuta muda mrefu kidogo. Kilikuwepo. Nikalipa.

Kijana yule alikuwa na adabu, na tai iliyombana. Kila sentensi yake ilianza na madam. Hakuelewa kwa nini nina haraka. Akanishauri niache mkopo uendelee mpaka mwezi wa mwisho wa viza. Nilipokataa, akaniambia kwamba kwa kuwa historia yangu ni safi, naweza kuongezewa mkopo mwingine leo leo. Nilimweleza polepole kwamba mwezi ujao nitakuwa Iringa nikipalilia nyanya. Akasema si tatizo, madam, majibu yanatoka ndani ya siku moja.

Tulipokuja kwenye hundi ya dhamana ndipo uvumilivu wangu ulipopata kazi. Akasema hundi ziko makao makuu na wataiharibu wenyewe, inshallah. Mimi namheshimu sana Mungu, lakini neno lile likitoka dirishani kwa mtu anayekutaka uondoke, lina maana nyingine. Nikamwambia nitaingoja. Akacheka akidhani natania. Nikatoa mkobani mitihani ya darasa la tisa, ya mwisho katika maisha yangu, nikaanza kusahihisha. Nilisahihisha mito na maziwa ya Asia, nikasahihisha pepo za msimu. Akaenda kula, akarudi, akanikuta. Akamwita meneja. Meneja akanieleza kwa Kiingereza kizuri kile kile nilichoelezwa, na mimi nikamweleza kwa Kiingereza kizuri kwamba nilitia saini kwa mkono wangu na nataka kuirudisha kwa mkono wangu.

Jumanne hundi ilikuwepo. Niliichana pale pale mezani, vipande vidogo kabisa, nikavikusanya vyote nikavitia mkobani. Sikuwaachia hata kimoja. Najua ni utoto. Nilifurahi sana.

Jioni ile nilimpigia Elisha kumwambia kiasi kilichobaki. Akauliza kama wenzangu wote wanaondoka hivi. Nikamwambia hapana. Akasema basi dari haitawezekana mwaka huu, wala vigae. Alisema kwa heshima, ni mtoto mwema, lakini niliisikia kalamu yake ikipiga mstari juu ya vitu. Nikamwambia nitalala chini ya bati bila dari, na mvua ikinyesha nitaisikia vizuri. Akasema, "Sawa, Mama," kwa ile sauti ya watoto wakishakata tamaa na sisi.

Ndiyo hasara yenyewe. Siifichi. Ukinipa hesabu yangu kama swali la mtihani, upande mmoja pesa niliyoiokoa, upande mwingine pesa niliyoitoa, mwanafunzi yeyote atasema nimeshindwa. Lakini swali lile halina mstari wa kuandika uzito wa usingizi, na mimi siku zote nimewaambia wanafunzi wangu waangalie kwanza swali limeacha nini.

Gari likawa langu kweli. Nikalipeleka soko la magari yaliyotumika. Wafanyabiashara watatu walilizunguka, wakalipiga teke tairi, wakaniuliza naondoka lini. Nilifanya kosa la kumjibu wa kwanza ukweli. Bei ikashuka hapo hapo. Wawili waliofuata niliwaambia siendi popote. Bei ya juu kabisa niliyopewa niliiandika kiganjani, nikampigia Wekesa.

Nikamwambia nitamuuzia kwa bei ya mfanyabiashara, ambayo ni chini ya bei ya barabarani, lakini sitashuka dirhamu moja zaidi, kwa sababu pesa hizo ni uzee wangu na si mali ya umoja. Masharti ni kwamba alipe yote na gari lihamie kwenye jina lake siku hiyo hiyo, kabla viza yangu haijafutwa. Nikamwonya pia asikimbilie mkopo. Sikutoka kwenye shimo lile ili nimsukumie yeye.

Siku nne hakunipigia. Kwenye kundi letu la simu waliweka picha ya mtu aliyebeba benki mgongoni. Nikaijibu kwa kumwombea mchoraji afya njema.

Siku ya tano akaja mwenyewe. Alikuwa na akiba yake, na umoja ulikuwa umekubali kumtanguliza kwenye zamu ya mchezo wetu wa kupeana pesa kila mwezi. Mzee Opolot alikuwa ameweka sharti moja: lipa pesa, lakini gari libaki kwenye jina la Mwalimu, tuokoe gharama za kuhamisha. Nikamwambia amrudishie Mzee Opolot salamu zangu, na sharti lake.

Bado pesa ilipungua. Akatazama sakafu, kisha akasema ipo nyingine, ambayo ni ya tiketi na viza ya mkewe, Nafula. Alikuwa aje Agosti kumtembelea, mara ya kwanza tangu Wekesa aondoke Bungoma. Kwa kadi, angelipa kidogo kidogo na mke angekuja. Kwa njia yangu, mke atakuja Disemba.

Alinitazama akingoja nilegee. Nililegea ndani. Sikumwonyesha.

Nilimwambia aamue mwenyewe, na kwamba gari linaweza kwenda kwa mwingine bila ubaya wowote. Akaamua. Lakini hakunisamehe, na usoni kwake ilionekana wazi.

Leo asubuhi tulikwenda kituo cha usajili. Tuliondoka kama watu wanaokwenda kuzika. Pale dirishani wakaiona faini yangu ya kuegesha vibaya, niliyoipata Al Hamriya siku niliyokwenda kuuliza bei ya kusafirisha masanduku. Nikailipa. Kisha wakamwuliza Wekesa bima. Yeye alidhani bima inahama na gari kama matairi. Haihami, bima yangu ni ya jina langu na inakufa pale, yeye anatakiwa kukata yake mpya kabla ya jambo lolote. Nilikuwa nimemweleza, lakini alikuwa hanisikilizi kwa hasira. Akatoka nje kumpigia bosi wake amkopeshe, akawa anatembea juani huku na huku akisema sir, sir. Nilimwona kupitia kioo. Ningeweza kumlipia. Mkono ulifika kwenye zipu ya mkoba.

Nikaurudisha. Siku ya kwanza ya kuwa na gari ndiyo siku ya kujifunza linagharimu nini.

Mwishowe mashine ikatoa kadi mpya ya umiliki. Karani akampa, akasema khalas, yamekwisha. Pale palipoandikwa rahani siku zote palikuwa patupu. Wekesa aliigeuza mbele na nyuma, akaitia mfuko wa shati, akanipa mkono kwa adabu bila kuniangalia. Kisha akaingia garini, akasogeza kiti nyuma kwa sababu miguu yake ni mirefu, akaondoka.

Akaniacha pale njiani.

Sijui kama alisahau au alikusudia. Nilisimama kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi, mwanamke wa umri wangu na mkoba, nikacheka peke yangu. Kisha nikatembea hadi stesheni. Nilipofika blauzi ilikuwa imenigandama mgongoni, na nikapanda treni ya mstari wa kijani nikasimama, maana hakuna aliyenyanyuka.

Tulikuwa tumebakiza stesheni mbili simu ikaita. Namba ya Kenya. Alikuwa Nafula, mke wa Wekesa, ambaye sijawahi kumwona. Nilijiandaa. Nilisema moyoni kwamba huyu ndiye mwenye haki ya kunitukana kuliko wote, na nitamsikiliza mpaka amalize.

Akanisalimia vizuri. Akauliza afya yangu. Kisha akasema, "Mwalimu, nataka kuuliza kitu moja tu. Hiyo gari imeandikwa jina ya nani?"

"La mume wako."

"Yake peke yake?"

"Lake peke yake. Majina yote matatu. Hakuna benki, hakuna mimi."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akisukuma kitu kizito.

"Sawa," akasema. "Basi nitangoja hiyo Disemba. Mjomba wangu aliachiwa kadi huko Doha. Mpaka leo hatujaambiwa iliishaje."

Akakata.

Nimekaa na sauti ile mchana mzima hapa sakafuni. Sikuihitaji ili nijue nilifanya sawa. Nililijua hilo tangu nilipotoka kwa mhasibu nikakaa kwenye gari bila kuliwasha. Wala haikuongeza dari kwenye nyumba yangu. Lakini sasa naona kwamba kwenye kile kikao cha chapati na soda tulijaa wenye kadi na wenye kuachiwa kadi, na hakuwepo hata mmoja wa wale wanaobaki nyumbani wakingoja habari.

Kesho ni Ijumaa. Treni haianzi mpaka mchana, kwa hiyo nitaamka mapema nipande basi kwenda ibadani, maana hapa hata sisi Wakristo tunasali Ijumaa. Umoja wote utakuwepo: Mzee Opolot, mchora picha, na Wekesa akitafuta pa kuegesha. Wakiingia watanikuta nimekaa kiti cha mbele, na nimewashikia nafasi.